Guangzhou Isiyoingia Kwenye Kontena



Ukiitaja Guangzhou pale Kariakoo, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni bei ya mzigo, na cha pili ni kargo wanatoza kiasi gani kwa kilo. Ndivyo mji huu unavyojulikana kwetu. Mfanyabiashara hushuka kwenye ndege ya Air Tanzania au ya Kenya Airways, hulala hoteli ya mtaa wa Xiaobei, asubuhi yuko kwenye soko la nguo la Baima karibu na stesheni ya reli, mchana yuko Sanyuanli kwenye mikoba, kesho yake Foshan kwenye samani. Akishajaza kontena anaondoka. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu viza ina siku zake na mtaji mara nyingi ni wa kukopa. Lakini mimi ninaishi huku, na naona kwamba mji huu anaoupita mbio kila safari una jambo moja ambalo lingetufaa kuliko bidhaa nyingi tunazozibeba. Jambo lenyewe ni namna watu wake wa kipato cha kawaida wanavyopumzika.

Mji ni mkubwa mno. Sensa ya China ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18 hapa. Biashara ndiyo damu yake: maonyesho ya Canton Fair yalianza mwaka 1957, na mpaka leo kila Aprili na kila Oktoba wanunuzi wa dunia nzima humiminika. Nyumba ni finyu. Babu, bibi, wazazi na mtoto hukaa vyumba viwili juu ghorofani. Joto la kuanzia Mei hadi Septemba ni kama la Tanga mwezi wa Februari, na kabla yake, mwezi wa Machi, huja unyevu unaofanya kuta zitoe majimaji na nguo zisikauke. Kwa hali hiyo ungedhani watu watajifungia ndani na kiyoyozi. Hawajifungii. Wanatoka.

Nenda Bustani ya Yuexiu saa kumi na mbili asubuhi. Iko karibu na Xiaobei, unafika kwa miguu kutoka hotelini kwako, na kuingia ni bure. Wageni wengi huifahamu kwa sanamu ya mbuzi watano, alama ya mji huu, inayotokana na hadithi ya malaika watano waliokuja wamepanda mbuzi wakawaletea wenyeji mashuke ya mpunga ili wasione njaa tena. Piga picha yako hapo, kisha endelea kupanda kilima, maana asubuhi yenyewe iko kule juu. Wazee wanafanya mazoezi ya taiji chini ya mikuyu yenye mizizi inayoning'inia. Kundi moja linacheza mchezo wa kupiga kwa mguu kidude chenye manyoya, wamesimama duara, na mzee wa miaka sabini anakirudisha kwa kisigino bila kugeuka. Kwenye kibanda cha mapumziko watu wamekuja na zeze zao za nyuzi mbili, mwanamke mmoja anaimba opera ya Kikantoni kwa sauti nyembamba ya juu, na hakuna anayelipwa. Wengine wamening'iniza vikoti na mifuko ya mboga kwenye matawi, wakitoka hapo wanakwenda moja kwa moja kupika. Machi, misufi mikubwa ya mji huu hupukutisha majani yote na kujaa maua mekundu mazito. Ua likianguka, bibi mmoja analiokota na kulitia mfukoni, akalianike nyumbani kwa ajili ya supu na chai.

Hayo yanafanyika kila siku ya Mungu, siku za kazi na za mapumziko, na sababu moja ni kwamba watu hawa wana wakati wao. Kwa miaka mingi mwanamke mfanyakazi wa kiwandani nchini China alistaafu akiwa na miaka 50, wa ofisini 55, na mwanamume 60. Tangu Januari 2025 umri huo umeanza kupandishwa polepole kwa kipindi cha miaka 15, hadi miaka 55 na 58 kwa wanawake na 63 kwa wanaume. Kwa hiyo bibi unayemwona anacheza leo ameacha kazi akiwa bado na nguvu, ana pensheni hata kama ni ndogo, na jioni ana mjukuu wa kumchukua shuleni kwa sababu wazazi wa mtoto hawarudi mapema. Akifikisha miaka 65 anapanda basi na treni za chini ya ardhi bila kulipa nauli. Bustani, pensheni na nauli ya bure vinashikana. Ukiondoa kimoja, bibi huyu atakaa nyumbani akitazama ukuta.

Lakini wakati peke yake hautoshi. Mtu mwenye wakati na asiye na mahali pa kwenda huishia kukaa tu, na kukaa tu kunazeesha. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini.

Guangzhou imejengwa kwenye tambarare ya Mto Lulu, Zhujiang kwa Kichina, na mvua za huku si za mchezo. Zamani maji yalikuwa yakituama mitaani. Mwaka 1958 wakazi wa mji waliitwa kwa maelfu, wanafunzi, askari, makarani na wafanyakazi wa viwandani, wakachimba kwa majembe na kubeba udongo kwa vikapu. Waliyachimba maziwa manne: Liuhua, Dongshan, Liwan na Luhu. Kazi ya maziwa hayo ilikuwa kupokea maji ya mvua ili mitaa isifurike. Kisha kandokando yake ikapandwa miti, yakajengwa madaraja madogo, yakawekwa mabenchi. Leo Liuhua ni ziwa lenye miti ya jamii ya mnazi na korongo, na ukimwuliza kijana anayekimbia mbio pale asubuhi, huenda hajui kabisa kwamba anakimbia kando ya mtambo wa kuzuia mafuriko. Bwawa la kinga likawa mahali pa starehe ya wote, na hakuna kiingilio.

Na wameyakumbuka yale mambo madogo ambayo sisi tunayaona hayana maana. Katika bustani hizi kuna vyoo vya umma, visafi, bila mlinzi wa kukudai sarafu. Kuna kivuli, kivuli hasa, cha miti mikubwa, siyo vichaka vya mapambo vinavyofika magotini. Kuna meza za mawe zilizochorwa miraba ya sataranji ya Kichina juu yake, na kila meza ina wachezaji wawili na washauri kumi wasioombwa ushauri. Mzee hawezi kukaa saa tatu mahali pasipo na choo wala pa kuegemea. Kila anayepanga mji anapaswa kulianza daftari lake na sentensi hiyo.

Jioni zamu hubadilika. Saa moja ikigonga, kwenye kila uwanja, mbele ya maduka, chini ya barabara za juu, kina mama hupanga mistari, spika inawashwa, na dansi inaanza. Huhitaji uanachama wala mwaliko. Unasimama mstari wa nyuma, unamtazama aliye mbele, na baada ya siku chache mguu umezoea. Nimewaona wanawake ambao mchana nilikuwa nikiwaona wamekaa kimya nyuma ya meza ya duka wakibadilika kabisa. Ni kweli kuna ugomvi. Wanaokaa ghorofani wana watoto wa kulaza, wana wagonjwa, na ile spika haina huruma. Mambo yalifika hadi kwenye sheria: sheria ya nchi ya kudhibiti kelele, iliyoanza kutumika tarehe 5 Juni 2022, inawataka wanaocheza hadharani wafuate maeneo, saa na kiwango cha sauti kilichowekwa. Mimi naona ni uamuzi wa busara. Dansi haikupigwa marufuku wala mlalamikaji hakupuuzwa.

Sasa niseme juu ya chai, maana kusimulia Guangzhou bila chai ya asubuhi ni kumdhulumu msikilizaji.

Wenyeji huamka mapema wakaenda mkahawani na familia nzima, au mzee peke yake na gazeti lake. Mikahawa mingine ina umri mkubwa; Taotaoju, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1880. Unaketi, unachagua majani ya chai yako, iwe pu'er nyeusi au maua ya krisanthemamu. Chai ya kwanza hainywewi, inatumika kusuuzia vikombe, bakuli na vijiti palepale mezani. Kisha vinaanza kuja vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke, ndiyo dim sum yenyewe: kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba unaopitisha rangi yao, mikate ya unga wa mchele iliyokunjwa kama shuka, miguu ya kuku iliyopikwa mpaka mfupa unaachia, na mwisho vitobosha vya mayai vya moto. Mwislamu aulize kabla ya kuagiza, kwa sababu nguruwe huingia hata mahali ambapo hakutajwa. Kimbilio lake ni vile vibanda vya tambi za kuvutwa kwa mkono za Waislamu wa kaskazini-magharibi, vilivyo karibu kila mtaa, vyenye maandishi ya halali mlangoni.

Mtu akikumiminia chai, unagonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo ahsante. Inasimuliwa kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala karne ya 18, alisafiri kwa kujificha sura akammiminia mtumishi wake chai, na mtumishi, asiweze kusujudu bila kumfichua bwana wake, akainamisha vidole badala ya mwili. Birika likiisha maji huiti mhudumu kwa kelele, unafunua kifuniko na kukiacha wazi pembeni, naye atakuja. Watu hukaa hapo saa mbili, saa tatu. Vijana wanaofanya kazi wiki nzima huwaleta wazazi wao Jumapili, wakapanga foleni nje kwa namba. Mambo mazito ya familia, mahari, ugonjwa, mtoto anayetaka kuhamia Shenzhen, huzungumzwa juu ya vikapu hivyo. Na mzee mwenye pensheni ndogo akija mapema kabla ya watu kujaa, mikahawa kadhaa humpunguzia bei, akaagiza vikapu viwili tu na birika lake, na hakuna atakayemtazama kwa jicho la kumfukuza.

Mlima Baiyun nitaupitia haraka, ingawa unastahili mazungumzo yake peke yake. Kilele chake kina mita 382, kiingilio ni yuan 5, kiasi ambacho hakimzuii mtu. Wapo wanaoupanda alfajiri na madumu ya plastiki mgongoni, wakateka maji ya chemchemi na kushuka nayo nyumbani kwa ajili ya chai. Mtoni nako, njia za miguu zinafuata kingo kwa kilomita nyingi, na jioni utawakuta wavuvi wa ndoano, wakimbiaji, wapenzi, na wazee wanaoogelea wakiwa wamefunga maboya ya rangi ya machungwa viunoni. Mto huo uliwahi kuchafuka kiasi cha kuwatia watu kinyaa. Mwaka 2006 mji uliandaa siku ya watu kuuvuka kwa kuogelea, viongozi wakiwa miongoni mwao, ili wakazi waone kwamba kazi ya kuusafisha imeanza kuzaa matunda.

Nisije nikawapa picha ya peponi. Guangzhou ina mamilioni ya vibarua waliotoka mikoa mingine, na hao hawachezi dansi saa moja jioni. Ingia mtaa wa Kangle, wilaya ya Haizhu, usiku. Nyumba zimesongamana hata majirani wanaweza kupeana mkono dirisha kwa dirisha, na kwenye kila chumba cha chini cherehani zinanguruma. Wanalipwa kwa kila nguo wanayoishona. Blauzi nyingi tunazozinunua nyumbani zimeshonwa na mikono kama hiyo, na starehe ya mikono hiyo ni bakuli la tambi saa sita usiku na simu kabla ya usingizi. Bustani iko, lakini wakati hawana. Anayeusifu mji huu bila kuwataja hao hasemi kweli yote.

Hata hivyo vijiji vya zamani vilivyomezwa na mji havikukubali kumezwa kimya. Kijiji cha Chebei, wilaya ya Tianhe, kimezungukwa na majengo marefu pande zote, lakini wanakijiji bado wanazika mashua zao za joka kwenye matope ya mfereji baada ya kila sikukuu ya mashua hizo, ili mbao zisikauke na kupasuka. Siku ya nane ya mwezi wa nne wa kalenda yao, wanaume huingia topeni mpaka kiunoni, wakazifukua kwa mikono na kuzisafisha, baruti zikilia. Mwezi unaofuata ni mashindano, ngoma, na karamu ambayo ukoo mzima hula pamoja kwenye meza za duara zilizopangwa barabarani. Mwanasheria na dereva wa lori wanapiga kafi katika mashua moja kwa sababu babu zao walikuwa wa kijiji kimoja.

Na sisi Waafrika wa huku je? Sisi nasi tuna Guangzhou yetu. Ijumaa adhuhuri, kwenye msikiti wa Xianxian, jirani na bustani ya Yuexiu, utasikia Kiswahili, Kihausa, Kisomali na Kifaransa katika ua mmoja. Ndani ya eneo hilo liko kaburi ambalo masimulizi ya Waislamu wa mji yanasema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Sala ikimalizika watu hawatawanyiki upesi. Nyama ya kuchoma inauzwa nje, habari za nyumbani zinapitishwa, mwenye mgonjwa anachangiwa palepale. Mtaani Xiaobei, ukijua mlango wa kugonga, utapata ugali na maharage.

Sijasahau Aprili 2020. Wakati wa korona, Waafrika wengi hapa walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, wengine wakalala nje, na serikali za Afrika zikalalamika hadharani. Jamii yetu ilikuwa imeanza kupungua kabla ya hapo, na baada ya hapo ikapungua zaidi. Waliobaki wanalibeba jambo hilo kifuani. Lakini nawaambia nilichokiona mwenyewe: kwenye duara la wale wanaocheza kidude cha manyoya hakuna aliyewahi kuniuliza pasi. Kikija upande wako unakirudisha, kikianguka mnacheka wote, na lugha haina kazi hapo. Mahali pa wazi pa watu wote panafanya kazi ya ujirani ambayo soko haliwezi kuifanya, kwa sababu sokoni kila mmoja wetu ana bei.

Ndiyo maana mawazo yangu hurudi Dar es Salaam, kwenye bonde la Msimbazi. Kila mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji, barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi husimama. Sasa upo mradi mkubwa, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, wa kulipanua bonde lipokee maji, kuinua daraja la Jangwani, na kuwahamisha kwa fidia waliokuwa wakiishi kwenye mkondo. Katika mipango yake imo bustani kubwa ya mji. Wasikilizaji, hiyo ndiyo kazi ileile ya Liuhua na Dongshan: uwanja unaomeza mafuriko siku za mvua na kuwapokea watu siku za jua. Na kiu ya watu wetu inajulikana. Tazameni Coco Beach Jumapili jioni, familia zilivyobanana kwenye ule ukanda mwembamba wa mchanga, mihogo ya kukaanga mkononi, kwa sababu sehemu za wazi za bure zimebaki chache na nyingine zimegeuka kuwa maegesho na baa.

Kwa wahandisi na madiwani mnaoushughulikia mradi huo, ombi langu ni hili. Msiizungushie bustani hiyo ukuta wenye dirisha la tiketi. Pandeni miti ya kivuli sasa hivi, kabla ya taa za rangi na sanamu, maana mwembe haukui kwa zabuni. Wekeni vyoo vya bure na maji ya kunywa. Tengeni meza za kuchezea bao na drafti, na sakafu pana ambapo kina mama wa Magomeni wanaweza kuwasha spika yao jioni bila kumwomba mtu ruhusa.

Na nyinyi mnaoishi Magomeni, Kigogo, Ilala na Upanga, mikutano ya mtaa ya kuujadili mradi ikiitishwa, hudhurieni. Ulizeni kiingilio kitakuwa shilingi ngapi, na jibu likiwa lolote zaidi ya bure, likataeni.